Guta Lililofungwa kwa Ngozi

Guta lilishushwa kutoka kwenye fuso taratibu, wanaume wakilishika huku na huku lisije likakunjika katikati. Nyanzobe alisimama kwenye ua wa wakala aliyewauzia, pale Tunduma, amekumbatia mkoba wenye karatasi za dhamana. Njia nzima kutoka Momba, bondeni, alikuwa amekaa juu ya magunia ya watu, jicho lake kwenye fremu.

Yeye ndiye aliyemshikia mumewe bango mpaka maksai wa kulimia wakauzwa. "Baba Kulwa, maksai wanalima msimu, guta linabeba mizigo mwaka mzima. Likituingizia, tutakodi trekta." Maduhu, Msukuma aliyekulia nyuma ya ng'ombe, alikubali shingo upande. Guta likaja jipya, linang'aa, magurudumu yake matatu meusi ti. Halijaonja hata gunia la mpunga, limebeba madumu ya maji tu, fremu ikapasuka chini ya kiti.

Maduhu alifanya wanavyofanya kwao nira ikipasuka. Alichukua ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, akauloweka, akauzungusha kwenye ufa, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ngozi ilipokauka ilibana kama chuma. "Hapo haiachii," alisema, na kweli haikuachia.

"Mama, hiki nini?" aliuliza Jenista, binti wa ofisini, akikigusa kwa ncha ya kalamu. "Mbona kina manyoya?"

"Ni ngozi. Imelishika lisianguke."

Ambwene, fundi wa pale, akaangua kicheko. "Mmelivalisha koti! Najua Tunduma baridi, lakini jamani!"

Jenista akapiga picha, akaituma makao makuu, kisha akapiga simu akaiweka sauti ya juu. Muziki ukalia. Sauti ya mwanamke ikasema simu yao ni ya thamani sana. Muziki tena, na tena, hata mbuzi wa jirani akaja kuchungulia getini akaondoka zake. Hatimaye: "Huduma kwa wateja, naitwa Brian."

"Shikamoo, kaka," alisema Nyanzobe, ingawa sauti ile ilikuwa ya kijana mdogo kwake.

"Eeh... marahaba. Mama, picha inaonyesha chombo kimeshatengenezwa na mtu asiye fundi wetu. Dhamana hairuhusu."

"Hakijatengenezwa, kaka, kimefungwa tu. Ufa upo palepale, kwa ndani."

"Basi tuonyesheni huo ufa. Toeni hicho... hicho kitu."

Ambwene hakucheka tena. Alimvuta pembeni. "Dada yangu, nakwambia kama ndugu. Ngozi hii ndiyo fremu yenyewe sasa. Ukiitoa, hapa haliondoki."

"Na nisipoitoa?"

"Brian umemsikia."

Simu ya Nyanzobe ikaita. Ilikuwa Maduhu. "Mama Kulwa, huku wingu limefunga. Jirani yetu Jonasi ameshaingiza jembe shambani. Wamesemaje hao?"

"Wanaliangalia. Watatupa jipya." Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

"Kweli? Ngoja nimwambie mama, maana tangu asubuhi ananisema kwa ajili ya maksai."

Nyanzobe akaomba kisu. Alikata kwenye fundo tu, ukanda ubaki mrefu, kisha akaanza kuufungua mzunguko mmoja mmoja. Alipofika wa mwisho guta lilitoa mlio kama wa mfupa, likakaa chini kwenye saruji, mbele kwake, nyuma kwake. Jenista akapiga picha haraka, akatuma. Muziki ukalia upya.

"Mama," alisema Brian, "hapa naona fremu imekatika vipande viwili. Ufa mliousema siuoni. Hii imeangushwa, tena hapo hapo ofisini. Kuangushwa hakumo kwenye dhamana."

"Si wewe umesema nitoe? Kaka! Si umesema mwenyewe?"

"Nakuelewa kabisa, mama. Kuna jambo lingine naweza kukusaidia?"

"Jambo gani lingine? Jambo ni hili hili!"

Simu ilikuwa imekatika. Jenista akaivuta taratibu mezani. "Mama, mimi ni wa kuuza tu," alisema, machozi yakimlenga. "Hata mimi hawanisikilizi."

Nyanzobe aliokota ukanda, akaukung'uta vumbi, akaenda bombani na ndoo ya kuoshea magari. Aliijaza maji, akautumbukiza ukanda. Ukaelea, mgumu kama kipande cha mti.

"Unalainika saa ngapi huo?" aliuliza Ambwene.

"Mpaka kesho, ndipo nilifunge tena."

"Sisi sasa tunafunga geti, dada."

"Fungeni."

"Na wewe?"

"Nimesema fungeni." Alipiga magoti, akaushindilia ukanda chini ya maji kwa viganja viwili. Mfukoni simu ikaanza kuita. Hakuipokea, maana akiachia mkono mmoja tu, ngozi inaibuka.