Bilinganya Bila Tui

Bi Mwatum alifunua kawa mbele ya wageni kama mtu anayefunua maiti.

"Tazameni," alisema. "Tazameni ninavyolishwa na mke wa mwanangu."

Sahanini mlikuwa na bilinganya lililochomwa makaani na kumenywa, nyanya zilizobabuka, vitunguu na bamia chache. Tui hakuna, samli hakuna. Wanawake wa mtaa wa Nguvumali waliokuja kumjulia hali walitupiana macho. Katika nyumba za Wapemba, mboga isiyotiwa nazi hupewa mtu usiyetaka arudi tena.

Mastura, mkwewe, alisimama mlangoni, mikono bado inanuka moshi. Mboga zile alizichoma kwa agizo la Bibiana, muuguzi wa Kisambaa, aliyewaambia yeye na mumewe Massoud kwamba Bi Mwatum ana ugonjwa wa sukari. Akiendelea na tui, wali mwingi na chai tamu, kidonda cha mguuni hakitapona, na mguu utakatwa. Apewe mboga za kuchoma na samaki wa kuchoma. Tangu hapo kidonda kilikuwa kimeanza kufunga. Hilo Bi Mwatum hakuwaambia wageni.

"Mama, muuguzi ndiye aliyesema," Mastura akaanza.

"Muuguzi ndiye aliyeolewa humu?" Bi Mwatum akawageukia wageni. "Huyu alipokuja tu alinipikia mchuzi wa tui jepesi kama maji ya kuoshea mchele, nikawamwagia kuku. Leo analipiza."

Wageni wakacheka. Walikuwapo siku ile pia, na walicheka vivyo hivyo.

Massoud aliporudi kutoka dukani, mama yake alimsomea mashtaka hata kabla hajavua viatu. Akaona macho ya wanawake yote yako kwake, akakohoa.

"Mastura, kuanzia leo mama yangu atakula tui. Nikisikia umemchomea tena mboga kama mfungwa, utarudi kwenu Wete na talaka yako mkononi."

"Na mguu je?"

"Mguu ni wa mama yangu. Wewe kazi yako jikoni."

Mastura akawatazama wanawake mmoja mmoja. "Mmesikia, mama zangu?"

"Tumesikia," alijibu Bi Tabia, jirani wa ukuta kwa ukuta, huku akitabasamu.

"Basi msisahau."

Kuanzia hapo Mastura hakupunguza kitu. Bilinganya liliogelea katika kasimele, tui la kwanza lile zito. Asubuhi palikuwa na mkate mtamu wa kumimina na chai iliyonata midomoni. Bi Mwatum alikula, akalamba vidole, akawatangazia majirani kwamba mtoto sasa ameshika adabu. Mastura alimwosha mguu kila jioni, akaona kingo za kidonda zikigeuka zambarau, kisha nyeusi.

"Mbona unageuza uso?" Bi Mwatum alimuuliza siku moja. "Unanuka?"

"Haunuki, Mama. Nikuongezee sukari?"

Mguu ulikatwa juu ya goti.

Siku ya kutoka hospitali, Bibiana aliwasindikiza mpaka kwenye gari. "Umebaki mmoja, dada," alimwambia Mastura. "Mboga za kuchoma, kama nilivyowaeleza."

"Mweleze mwenye nyumba," Mastura alijibu. Massoud akajifanya anafunga mlango wa gari.

Adhuhuri ile Bi Mwatum aliisukuma sahani. Mdomo wake ulikuwa mkavu. "Nichomee bilinganya, mwanangu."

Hakuwahi kumwita mwanangu.

"Siwezi, Mama. Nitaachwa." Mastura akamgeukia mumewe, aliyekuwa akivaa kofia aende msikitini. "Ulitamka mbele ya watu. Tengua mbele ya watu wale wale. Bi Tabia yuko uani kwake, nimwite?"

"Nisimame mbele ya wanawake niseme nimekosea?" Massoud alishusha sauti. "Wanifanye gumzo la sokoni? Mchomee tu, kimyakimya."

"Kimyakimya sichomi. Kesho wakija wakafunua kawa, utasema nini?"

Massoud akageukia kioo. Mama yake alikuwa akimtazama, mkono mmoja umeshika shuka mahali mguu ulipokuwa. Huyu ndiye mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kwamba mwanamume hachekwi ndani ya nyumba yake.

"Massoud," aliita. "Mwite huyo Bi Tabia, baba. Neno moja tu."

Massoud aliirekebisha kofia mbele ya kioo, akaivuta kidogo kushoto.

"Mpe kilichopo," alimwambia mkewe, akatoka.

Walisikia makubadhi yake yakiburuzika barazani mpaka yakapotea. Mastura aliketi ukingoni mwa kitanda. Akachovya kipande cha bilinganya katika tui zito, akakisubiri mpaka kiache kudondosha, kisha akakipeleka kinywani mwa mama mkwe wake.

"Kula, Mama. Mwanao ameruhusu."

Bi Mwatum akafumbua kinywa.