Mawingu ya Huku na ya Huko

Jikoni kwetu, hosteli ya watazama nyota hapa Sutherland, kuna ubao. Kila mgeni huandika jina lake, nijue nampikia nani. Mimi huongeza neno chini yake: mbingu safi, au mawingu. Goti langu la kushoto huuma mawingu yakikaribia, na halijawahi kukosea.

Lindelwa, mwanafunzi wa nyota anayekuja kila mwaka, aliuchukia ubao ule. Alikuwa akisubiri sayari moja ya mbali ipite mbele ya jua lake. Mwanga ukipenya hewa ya sayari, kila kilichomo hula rangi yake: mvuke wa maji hula yake, sodiamu nayo yake. Yeye alitaka kujua rangi ipi imeliwa. Bila hilo sura ya mwisho ya tasnifu yake haisimami, na chuo kimempa mpaka Septemba.

Mwaka wa kwanza niliandika mawingu, yakaja. Wa pili, vumbi. Mwaka huu akasema, "Bibi Drieka, ukigusa hiyo chaki nalivunja hilo goti." Nikaandika mbingu safi. Ikawa safi kama sahani iliyorambwa na mbwa.

Juzi akaamka saa tisa alasiri, ndiyo asubuhi yao, akaja na kompyuta. Nikamwekea mayai.

"Umepata?"

"Tazama." Mstari, umenyooka kama barabara ya nyika yetu ya Karoo.

"Mbona mzuri."

"Ndiyo ubaya wenyewe! Ulitakiwa uwe na mabonde, kila rangi iliyoliwa na bonde lake. Hata bonde moja!"

"Nini kimeyaziba?"

"Labda mawingu."

"Mawingu? Mbona kulikuwa kweupe..."

"Ya huko, Bibi! Ya kwenye sayari!"

Nilijaribu kutocheka. Mungu ananijua, nilijaribu.

"Basi si umegundua mawingu? Andika."

"Siwezi! Huenda ni mawingu, huenda hewa yake nzito, huenda haina hewa kabisa. Mstari ni uleule!" Akatupa uma. "Miaka mitatu!"

Akampigia profesa wake. Sauti ya profesa niliisikia hadi kwenye sinki: aandike hivyohivyo kwamba haijulikani, ataje yapi hayawezekani. Sura itasimama.

"Itasimama," Lindelwa akaniambia, "kama mlevi."

Akala mayai yaliyopoa, akaandika huku akisonya. Alipomaliza akaenda ubaoni, akafuta neno langu kwa kiganja, akaandika: mawingu, labda.

"Goti lako lingeniambia mapema."

"Goti langu linafika mji wa jirani tu, Calvinia, mjukuu wangu."

Hakucheka.