Daktari Alikuwa Ng'ambo

Mwaka 1954, mwezi wa Julai, Hyasinti alirudi Kitura kutoka Makerere akiwa na bahasha ya ofisi ya elimu. Ndani mlikuwa na fomu ya kuombea ufadhili wa masomo. Alitakiwa aandike somo moja la digrii, na chini yake vyuo vikuu viwili vya Uingereza, akianza na kile anachokipenda zaidi, kisha airudishe Songea kabla ya mwezi kwisha.

Somo lilikwisha kuchaguliwa zamani. Tangu mama yake, Celestina, afariki akiwa na uchungu wa uzazi, miaka saba nyuma, baba yake Mzee Egidi hakuwa na wimbo mwingine: "Huyu atakuwa daktari." Aliusema hata nje ya kanisa Jumapili. Wanawake waliokuwa wakichuma kahawa mlimani walipomwona Hyasinti akipita walimwita, "Dokta, mgongo unaniuma!" Alicheka nao. Akishawapita, kicheko kilimkauka.

Aliipeleka fomu kwa Mwalimu Placidi, mkuu wa shule ya misheni, aliyemfundisha hesabu tangu utoto.

"Udaktari, Edinburgh," Mwalimu alisema, akimsogezea kijitabu. "Cha pili, London. Kuna la kufikiri hapo?"

Hyasinti hakushika kalamu. Alitoa kijitabu chake mwenyewe mfukoni, cha Glasgow, kimechakaa pembe zote. Akakifungua penye picha ya vijana wamesimama matopeni, wanapima kina cha mto kwa mti wenye alama.

"Hawa wanasomea uinjinia. Likizo wanapelekwa kwenye madaraja yanayojengwa, wafanye kazi. Vyuo vingine nilivyosoma havisemi hivyo."

"Umekuwa nacho tangu lini?"

"Mwaka mzima, Mwalimu."

Placidi alivua miwani. "Baba yako anajua?"

"Hajui."

"Basi rudi nyumbani. Mimi siwezi kukusemea."

Alimkuta Mzee Egidi uani, anageuza kahawa kwenye vichanja. Shangazi yake Kunigunda, dada wa mzee, alikuwa kando akitoa punje mbovu. Hyasinti aliwaamkia, akakaa.

"Baba, sitaki kusomea udaktari. Nataka uinjinia, kujenga madaraja."

Mzee hakufoka. Aliendelea kugeuza kahawa. "Mama yako alikufa kwa kukosa nini?"

Hyasinti aliokota punje iliyoanguka, akairudisha kichanjani.

"Mimi nilikuwa manamba Tanga, kwenye mkonge. Barua ikaja, mwenzangu akanisomea: mkeo amefariki njiani, hakumpata daktari. Maneno hayo tu. Nimeyabeba miaka saba. Leo unaniambia madaraja."

"Baba, daktari alikuwepo."

Mkono wa mzee ulisimama.

"Tulimbeba mama kwa machela tangu alfajiri. Machi ile mvua haikukatika. Tulipofika mtoni, magogo ya kuvukia yalikuwa yamechukuliwa na maji. Daktari wa misheni alikwisha kupata habari, akaja mpaka ukingoni na mfuko wake. Alikuwa ng'ambo, Baba. Sura yake tuliiona. Alitupigia kelele tumlaze mama kwa ubavu. Mara mbili alijifunga kamba akaingia majini, mara mbili watu wakamvuta. Mama alikuwa anatuuliza, 'Ameshavuka?' Jua lilipoinama akaacha kuuliza."

Mzee Egidi alimgeukia dada yake. "Kunigunda. Ni kweli?"

"Ni kweli, kaka. Barua ile mimi ndiye niliyeiandikisha. Niliona ukijua kwamba alikuwa karibu vile, utaumia zaidi. Mtoto nilimkataza asikuambie."

"Miaka saba!"

"Ndiyo. Nisamehe."

Mzee aliinuka akaingia katikati ya mibuni, hata kofia akaiacha. Hyasinti alitaka kumfuata, lakini shangazi akamshika mkono. Akabaki amekaa na swali lililomuuma: je, alikuwa amesema ukweli kwa sababu ulistahili kusemwa, au alikuwa amemtumia marehemu mama yake ili apate anachokitaka?

Baba yake aliporudi, macho yalikuwa mekundu. Alisimama mbele ya mwanawe.

"Mama yako angekuwa hai hadi leo, ungechagua nini?"

Ingekuwa rahisi kujibu kwa neno tamu. Hyasinti alifikiri.

"Nadhani hicho hicho, Baba. Napenda hesabu. Halafu damu… nikiiona naishiwa nguvu. Makerere tulipasua chura, nikaanguka chini."

"Chura?"

"Chura, Baba."

Mzee alimtazama, na kona ya mdomo ikamcheza. "Miaka yote hii natangaza kanisani daktari wa kuzimia kwa chura. Ungenionea huruma mapema." Akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi. Wazazi wanatia sahihi wapi?"

Aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama walivyomfundisha kwenye mafundisho ya dini. Lakini na dada yake hakuongea siku ile, wala msimu wote wa kahawa uliofuata. Kunigunda alipika kwake, akala kwake.

Huko Songea ofisa alimwambia Hyasinti kwamba nafasi za madaktari zilikuwa nyingi zaidi, na kwamba angebadili somo angeondoka mwaka ule ule. Hyasinti alikataa. Ikambidi asubiri, akafundisha hesabu kwa Mwalimu Placidi. Glasgow walimkubali mwaka 1955, akaondoka Septemba.

Barua ya kwanza kutoka nyumbani ilimfikia Desemba, theluji imejaa dirishani. Ilikuwa kwa mwandiko wa Mwalimu Placidi, lakini maneno yalikuwa ya baba yake. Alimwuliza kama huko wana milima na kama anakula akashiba. Alimwambia mvua zimeanza vizuri, mahindi yameota kwenye mashimo yote ya ngoro, upande wa juu. Na chini kabisa, kabla ya jina: "Shangazi yako ni mzima. Siku hizi anakula kwangu."