Ndoo Zilizong'aa

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, anapika kwa mkaa, na kifua chake kimeukataa mkaa. Akiinama kupuliza jiko, kikohozi humshika mpaka mwiko unamponyoka. Kwa hiyo manispaa ilipomleta binti wa kupima taka mtaani kwetu, nilifurahi kuwapita wote.

Binti alikuja na mizani ya kuning'iniza begani. Watoto wakambandika jina papo hapo, Dada Mizani. Akagawa ndoo kila nyumba.

"Maganda, makombo, mboga zilizooza, vyote humu. Nitapita kila asubuhi wiki nzima. Mtaa wenye taka za kutosha utajengewa mtambo: taka zioze ndani yake, gesi iwafikie jikoni kwa bomba."

"Kitendawili!" nikawategea majirani.

"Tega!"

"Huliwa mara mbili, kwanza na mtu, kisha na moto."

Wakakuna vichwa, wakanipa mji. "Kiazi," nikasema. "Kiini chako, ganda la jiko."

Gesi wakaielewa. Kupimwa ndiko kulikowatia kiwewe. Mgeni aje akufunue uchafu wako, tena auandike? Alfajiri mkwe wangu alikuwa keshayapeleka maganda jaani, kule sokoni. Ndoo kaisugua kwa mchanga na sabuni.

"Mwanangu, ndoo ya taka inang'aa kushinda sufuria zangu! Acha taka zionekane."

"Mama nawe! Niambiwe namwaga chakula cha mwanao? Jirani kaweka ndoo tupu, mimi niweke iliyofurika?"

Kumbe jirani naye alikuwa akichungulia ya kwetu. Mtaa mzima ukashindana. Dada Mizani akitundika ndoo, mshale hautikisiki.

"Jamani, mnakula na maganda?" akauliza.

Wanawake wakacheka, wakajiona wamesifiwa. Nilimvuta pembeni nikamweleza ukweli.

"Bibi, nakuamini," akasema, "lakini naandika kilichomo ndooni."

Majuzi akarudi, anatembea kama aliyebeba habari za msiba. Mtambo unajengwa mtaa wa bondeni. Wetu, wakubwa wake wameamua, hauna taka za kutosha.

Mkwe wangu alikimbilia jikoni, akatoka amekumbatia beseni la maganda. "Pima! Haya ni ya leo tu. Pima, mdogo wangu!"

Binti alilishika lile beseni ukingoni, hakulipokea. "Wiki ya kupima imepita, dada. Kule wameshachimba."

Akaondoka. Mkwe wangu akabaki amesimama, maji ya maganda yakimchuruzikia miguuni. Nikampokea beseni, nikalishusha chini.

Jioni akainama tena jikoni. Kikohozi kikamkamata. Nikamnyang'anya pepeo.

"Toka nje, mwanangu, uvute hewa."

"Na kifua chako, mama?"

"Changu kimeshazoea. Toka."

Alitoka, lakini hakufika mbali. Alikaa kizingitini, amenipa mgongo, anakohoa taratibu ili nisisikie.