Luwa ya Kumuaga Crispulo

Itas alifika msibani kwa Crispulo baada ya chakula cha mchana, luwa yake ikiwa tayari kichwani. Ilikuwa lazima isemwe leo, maana mazishi ni kesho, na luwa haisemwi ovyo kama salamu. Pale mjini Dumangas waombolezaji huketi duara, kamba yenye pete ikapita mikononi mwao, na aliye katikati hukisia pete iko kwa nani. Anayenaswa ndiye huinuka akatoa luwa, mistari minne ya utani, marehemu naye akiwa pale pale jenezani. Ambaye hajanaswa hufunga mdomo, isipokuwa yule wa katikati aliyemnasa, ambaye ana haki ya kujibu.

Crispulo hakuwa mume wake wala nduguye. Alikuwa hasimu wake. Kila msiba alimnasa kusudi, na kabla Itas hajakaa, keshamjibu. Watu walisema wawili hawa wangeoana wasingebakiza sahani nzima nyumbani. Itas alimpenda hivyo hivyo, kwa kubishana, na ilimtosha.

Sasa wa rika lake wengine wamekufa, wengine hawatoki ndani. Waliokuwapo sebuleni ni wajukuu wa marehemu waliokuja na meli kutoka Manila, kila mmoja na simu yake. Itas akawaomba wacheze. Wakatazamana, lakini Rhealyn, binti mwenye adabu zake, akatafuta kamba na kusimama katikati mwenyewe.

Pete ilipomfikia Itas, akaing'ang'ania. Aliibana waziwazi, hata kipofu angejua. Rhealyn akaiona, akamtazama usoni, akatabasamu, kisha akamgusa binamu yake. Mzunguko wa pili ukawa vile vile. Walichelea kumsimamisha bibi wa watu hadharani. Itas alitamani kulia, kwa kuwa heshima yao ndiyo iliyokuwa ikimziba mdomo.

"Inday, binti yangu, mbona mimi hunishiki?" akamuuliza.

"Wewe pumzika, Bibi. Acha tuhangaike sisi."

"Nitapumzika nikiwa kama huyo," akasema Itas, akimwonyesha Crispulo kwa kidevu. Akafungua kiganja. "Haya, nimenaswa."

Akainuka, akaligeukia jeneza.

"Hasimu wangu, amka,
zamu yako imefika;
hukuwahi kunichoka,
vipi leo umechoka?"

Aliisema kwa Kihiligaynon cha pale Dumangas, kile cha kuvutavuta sauti, ambacho hata mtu akikutukana utadhani anakubembeleza. Alipomaliza hakukaa. Alisimama akingoja jibu, kwa mazoea tu, na moyo ukamuuma alipojigundua anangoja. Vijana wakampigia makofi.

"Umesema vizuri sana, Bibi," Rhealyn akamwambia kwa Kitagalogi, lugha aliyolelewa nayo. "Maana yake nini?"

Itas akapitisha macho duara zima, akitafuta hata mmoja aliyeelewa. Wote walikuwa wakimngoja yeye. Basi akakaa, akaanza kuwaeleza utani wake neno kwa neno, kwa Kitagalogi cha kuokoteza, nao walipoelewa wakaitikia kwa kichwa kwa heshima, na hakuna aliyecheka.