Swali la Blandine kuhusu mirija ya mti

...na jambo la mwisho la kawaida lilikuwa swali, Blandine, mke wangu, alikuwa akipanga madaftari ya wanafunzi wangu mezani, akaona mchoro wa shina, akauliza, kama mirija inayopandisha maji imekwisha kufa, nani anaitunza, nikamjibu nitakueleza Jumapili, nilikuwa na haraka, na Jumamosi homa ikamchukua, sasa ni siku ya tisa nimekaa mkekani hapa Kikula, kwa desturi mfiwa hasemi kikaoni, mdogo wangu Rémy ndiye atakayenisemea, nikiinamisha kichwa atajibu kwamba tumekubali, na Laure, dada wa marehemu, ataondoka na Daniella wetu wa miaka kumi kwenda Lubumbashi... "Siku ataona mwezi, ataambia nani? Ataambia weye, beau, na bitabu yako?" Laure ananiuliza mimi shemeji yake, na mama mmoja pembeni, "Atamuchorea ku tableau," kama ubaoni darasani, wanacheka, nami nusura nicheke, Blandine angecheka kuliko wote... jibu lilikuwa fupi, lingechukua dakika mbili, kandokando ya mirija kuna seli hai za parenkima, ndogo, hakuna anayezikumbuka kwenye mtihani, zinaweka akiba ya wanga, na kiangazi hewa ikiingia na kuukata uzi wa maji, inasemekana zinamwaga sukari ndani ya mrija ili maji yarudi, dakika mbili, sikuwa nazo... "Mutoto mwanamuke hawezi kukomala na baba peke," Laure anaendelea, wala hasemi kwa ubaya, macho yake yamevimba kama yangu, na siku zote hizi nimemwona ana haki, kwa sababu nilijihesabu mrija, kutoka shule ya Panda hadi nyumbani, kutoka nyumbani hadi Panda, nikileta unga, na aliyekuwa hai alikuwa Blandine... lakini hilo ni kosa, ningemkata mwanafunzi alama, mrija uliokufa haujui kama mtoto amekula, na jana mchana Daniella hakugusa bukari, ugali wetu, mpaka nilipomchambulia samaki miiba, mmoja mmoja, bila kuambiwa na mtu... na seli ya parenkima, mti ukijeruhiwa, huanza upya kugawanyika, hushika kazi ambayo haikuwa yake, hufunika kidonda, kwa uvimbe, bila uzuri wowote, lakini hufunika... Rémy bado ananitazama, Laure bado anasema, kichwa changu hakijainama.

Kesho yake asubuhi, Rémy akiwa bado hajatoa jibu, nilimkuta Laure akifunga begi la Daniella. Sikumwita Rémy anisemee.

"Laure, mutoto anabakia na miye," nilisema. "Ile mambo ya banamuke, utanifundisha. Pole pole. Hata kwa telefone."

Aliacha kufunga begi, akakaa kitandani kando yake.

"Bon," akasema. "Kamata bic, andika."

Nikachukua kalamu, nikaketi, nikaandika.