Makaroni Yana Kiu

Friji la nyumbani kwa Fundi Barafu lilikufa kipindi cha mvua, na mpaka joto linaingia lilikuwa bado halijazikwa. Mkewe akaligeuza kabati. Chini palikaa viatu vya watoto, katikati madaftari, na juu kule pa barafu zikawekwa soksi. Ukimuuliza mwenye nyumba atakwambia ni kitu kidogo tu, ni kidude kimoja kule nyuma, Jumamosi anakibadilisha. Jumamosi ipi? Hapo sasa ndipo utamuudhi. Mtu mzima, mtaa wote unampigia simu yeye, hakuna friji lililowahi kumshinda, halafu wewe unataka kumpangia Jumamosi.

Mkewe alikuwa anafundisha chekechea, kwa hiyo kila mtu alimwita Mwalimu, hata mama mkwe wake. Alishazoea kununua maziwa asubuhi na kuyamaliza mchana, wala asingelalamika. Ila mwaka huu alikuwa na shida na baridi, tena shida ya kweli.

Kila msimu wa joto ukoo wa mumewe hukutana siku moja uani kwa wifi yake, yaani dada wa Fundi, na kila nyumba huja na chakula chake. Mwaka jana Mwalimu alikwenda na saladi ya makaroni, ile nyeupe ya kulainika, ya kuliwa baridi. Aliipika jioni, akailaza kwenye friji, maana enzi hizo lilikuwa hai, na kesho yake akaifunua mbele za watu kwa madaha. Mama mkwe, ambaye anaishi hapo kwa binti yake, akachota kijiko kimoja. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Halafu akasema kwa upole kabisa, "Nipatieni maji."

Hakusema mbaya. Angesema mbaya ingekuwa nafuu, mtu angejitetea, angelaumu sufuria. Lakini maji utayajibu nini? Mwalimu alirudi na bakuli lake karibu limejaa, akalipakata njia nzima, na mumewe akamfariji kwa kusema kuwa angalau chakula cha watoto cha wiki kimepatikana.

Sasa huyo mama mkwe si mtu wa kusifu. Chakula kikimpendeza anasogeza sahani mbele na kusema, "Niongezeeni." Basi, hana sifa nyingine. Hasemi umetia nini humu, hasemi mikono yako ibarikiwe. Wifi mtu alishaambiwa hivyo mara kadhaa, na haipiti wiki bila kuwakumbusha watu. Mwalimu, tangu aolewe, sahani ile haijawahi kumsogelea. Ameshapika wali, ameshapika maharage, ameshachoma samaki mpaka moshi ukamtoa machozi, na kila mara mama mkwe hula, hushukuru, hunawa. Mtu ataona ni jambo dogo. Kwake halikuwa dogo hata kidogo. Alitaka kulisikia neno lile likielekezwa kwake, na alilitaka kwa uchungu ambao hata yeye mwenyewe ulimtia aibu.

Kwa hiyo alikaa na yale makaroni kama anavyokaa na mtoto mgumu wa darasani, na ugonjwa akaugundua. Makaroni yana kiu. Hata uyachemshe yakae sawa, yakilala usiku na rojo yatalinywa lote, na asubuhi utakuta yamevimba, yameshikana, makavu kama hayajawahi kuonja kitu. Dawa yake ni kuligawa rojo mara mbili. Nusu unachanganya jioni, makaroni yanywe yashibe. Nusu unaificha, unaimwaga mezani dakika ya mwisho, wakati kiu imeshakwisha. Kwa siri hiyo aliwalisha wanawe makaroni mpaka mdogo akaanza kukimbilia kwa jirani saa za chakula.

Siku ya kuamkia mkutano akachemsha makaroni kwa maji ya chumvi, akayaepua yakiwa bado na ugumu kidogo katikati, akayamwagia maji baridi yasishikane, akayachuja. Akakata karoti na pilipili hoho vipande vidogo, kitunguu akakikosha kwa chumvi kiache ukali, akatia mahindi na njegere. Rojo lenyewe lilikuwa mayonezi, mtindi, haradali kidogo, ndimu na chembe ya sukari. Akaonja, akafumba macho. Hapo ndipo mumewe alipoingia jikoni na kuchovya kidole.

"Tamu," akasema. "Sasa utaipoza wapi?"

"Wewe ndiye fundi. Niambie wewe."

Fundi akalitazama lile kabati la viatu. Akajikuna shingo. Halafu akapata wazo, na mawazo yake huwa mepesi sana kwa sababu hubebwa na mtu mwingine. Kule karakana, akasema, kuna friji la dada yake, limeshapona, linanguruma vizuri, na halichukuliwi mpaka kesho kutwa. Bakuli lilale humo, kesho walipitie.

"Hiyo si mali ya mteja?" akauliza Mwalimu.

"Mteja gani? Si dada yangu?"

"Na mumewe je?"

Fundi akalamba kidole. Mume wa dada yake, ambaye wote walimwita Bucha kwa ajili ya kazi yake, alikuwa anafungua bucha kubwa lenye vyumba vya baridi, na alitafuta fundi wa kudumu, wa mshahara. Lile friji lilikuwa mtihani. Tena Bucha alishasema mbele za watu kuwa fundi hapimwi kwa maneno, anapimwa kwa vitu vya nyumbani kwake, na yeye akigundua fundi anatumia vyombo vya wateja, huyo amekwisha. Fundi Barafu aliitikia kwa kichwa kuliko wote.

"Atajuaje?" akasema sasa. "Linaingia leo, linatoka kesho. Nani ataona?"

Mwalimu akakubali, kwa sababu hakuwa na pengine. Ila ile nusu ya rojo hakuiachia iende karakana kwenye mafuta na vumbi. Alichukua chupa ya chai yenye mdomo mpana, akaisuuza kwa maji ya barafu ya dukani, akaijaza rojo na kuifunga kwa nguvu. Chupa inayotunza moto hutunza na baridi. Bakuli akalitoa, siri akabaki nayo.

Asubuhi Fundi alikwenda kulichukua bakuli. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu.

"Friji limeondoka," akasema.

"Limeondoka na nani?"

"Na Bucha. Alitaka kupozea soda za wageni. Ufunguo nilimwachia yule fundi viatu wa mlango wa pili, naye akampa. Shemeji mtu, angemkatalia vipi? Wamelifunga kamba mlango usifunguke njiani, wakapakia, wakaenda."

"Na bakuli?"

Fundi akatazama dari. "Huo mlango ndio uliokuwa umelifungia."

Walivaa upesi wakaondoka, Mwalimu na chupa yake ya chai kwapani, wakiomba lile friji liwe bado halijafunguliwa kamba. Walipoingia uani wifi alikuwa amesimama mbele ya meza ndefu, amejifunga kitenge kipya, na katikati ya meza lilikuwepo bakuli. Alikuwa amelipamba kwa mayai ya kuchemsha. Vipande vilipangwa duara, vizuri tu, kosa hakuna.

"Karibuni, karibuni," akasema wifi. "Mwaka huu nimeona niwapumzishe, saladi nimefanya mimi."

Alisema hivyo bila kope kutikisika. Pengine alidhani ni zawadi ya kaka yake ya kuomba radhi kwa kuchelewesha friji. Pengine hakudhani kitu, alifungua mlango akakuta neema, akaipokea. Wapo watu wa namna hiyo, vitu huwaangukia, na wao huamini wamevitafuta. Mwalimu alifungua mdomo. Mumewe akamkamata mkono na kuubana.

"Shemeji!" Bucha alikuwa anakuja na chupa ya soda. "Lile friji limesimama. Saladi imetoka humo inauma meno. Tuongee baadaye mambo ya kazi, sawa?"

"Tutaongea," akasema Fundi, na jasho likamtiririka shingoni.

Mwalimu akafunga mdomo. Angesema saladi ni yake, angeulizwa ilifikaje kwenye friji la watu. Angejibu hilo, angeulizwa la kwake lina nini. Soksi, angesema.

"Na wewe Mwalimu umetuletea nini?" akauliza wifi, akiitazama ile chupa. "Chai? Na joto hili?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mwalimu naye akacheka, meno tu, akaiweka chupa chini ya kiti chake.

Wakapakuliwa. Mama mkwe alikaa kivulini karibu na ukuta, sahani magotini. Akachota kijiko kimoja cha saladi. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Mwalimu alimtazama kama vile mwaka haujapita.

"Nipatieni maji," akasema mama mkwe.

Wifi akashtuka. Watu wengine nao walikuwa wameanza kuyasukuma makaroni pembeni ya sahani, yale yaliyoshikana vibonge, na shangazi mmoja aliuliza kama kuna mchuzi wowote. Mwalimu alifurahi. Tusidanganyane, alifurahi mpaka vidole vya miguu. Alitaka kila mtu achote, atafune, aombe maji, na wifi asimame hapo na kitenge chake kipya akiyagawa.

Furaha haikukaa. Ilikuwa saladi yake. Karoti alizikata yeye, kitunguu kilimliza yeye, na sasa inatupwa mbele ya macho yake kwa mara ya pili, mara hii hata jina lake halipo. Nusu iliyobaki ilikuwa hapo chini ya kiti, inagusa kisigino chake. Kuizuia ni kumwaibisha wifi. Kuimwaga ni kumpa wifi sifa. Alikaa akalipima hilo, na alichogundua ni kwamba hakuweza kuvumilia kuona chakula kinakufa kwa kiu na maji yapo.

Akainuka, akafungua chupa ya chai.

"Wifi, samahani," akasema. "Naona imenywa kidogo. Hebu tuiongezee."

Akalimimina lote, jeupe, zito, bado la baridi, akageuza makaroni taratibu kutoka chini kwenda juu, yasivunjike. Vibonge vikaachiana. Bakuli likaanza kung'aa. Wifi alisimama kando akitazama kama mtu anayeonyeshwa chumba kingine ndani ya nyumba yake mwenyewe. Watu wakarudi mezani, kwanza mmoja mmoja, halafu kwa msongamano. Yule shangazi aliyeuliza mchuzi akajipakulia mara mbili na kusahau swali lake.

Na kule ukutani mama mkwe akasogeza sahani mbele.

"Niongezeeni," akasema.

Wifi ndiye aliyekimbia. Saladi ilikuwa yake, au sivyo? Alimwongezea mama yake kwa miiko miwili mikubwa, akageuka akatangaza, "Mmesikia wenyewe," na watu wakasema wamesikia. Mwalimu alikuwa anafunga kifuniko cha chupa tupu. Alikifunga kwa muda mrefu.

Jioni watu walipoanza kuaga, alikwenda kuchukua sahani ya mama mkwe. Yule mama hakuiachia.

"Kaa," akasema. "Niambie kitu. Rojo la bakuli zima, huwa unatembea nalo tu?"

Mwalimu akakaa.

"Maana na mimi nina akili zangu," akaendelea mama mkwe. "Friji la humu lilikuwa kwa fundi. Sasa huyu binti yangu aliipozea wapi saladi usiku, chini ya kitanda? Tena jikoni kwake jana sikusikia hata kisu." Akashusha sauti. "Lenu limekufa lini?"

"Kipindi cha mvua," akasema Mwalimu. "Mama, tafadhali, ile kazi..."

"Nani kasema kazi? Mimi nimeuliza friji."

Upande wa pili wa ua Bucha alikuwa amemshika Fundi begani. Walisikika vizuri. Bucha akauliza, "Kwa hiyo unaanza lini?" na Fundi akajibu bila kufikiri, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuchelewa maishani, "Jumamosi."

Mama mkwe akacheka mpaka sahani ikatikisika magotini. "Baba yake naye alikuwa na Jumamosi," akasema. "Seremala. Vitanda vyote vya mtaa ule vilitoka mikononi mwake, watu walivifuata kutoka mbali. Mimi huyo binti na huyo mumeo nimewazaa kwenye mkeka. Wageni wakija nafunga mlango wa chumbani nasema kuna mgonjwa kalala. Mama mkwe wangu alikufa hajui."

Mwalimu alitaka kucheka, machozi yakawahi. Akayafuta kwa kiganja, haraka, kabla wifi hajapita na masufuria. Yule mama alimtazama, hakusema pole wala usilie. Akashika sahani yake tupu kwa mikono miwili, akaisogeza mbele, mpaka ikagusa goti la mkwewe.

"Niongezee," akasema.

Mwalimu aligeuka kutazama meza. Bakuli lilikuwa limefutwa mpaka na kipande cha mwisho cha yai.

"Yamekwisha, mama."

"Najua yamekwisha," akasema mama mkwe. "Nimesema tu."